Kabla Hujauza Nyumba kwa Sababu ya Kaskazi

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Walionisikia Tononoka, hapa hapa Mombasa, watanisamehe, maana leo nasema yale yale. Nitayaacha siku wagonjwa wa kichwa cha klasta, yaani maumivu makali ya upande mmoja wa kichwa yajayo kwa misimu, watakapoacha kuuza nyumba na kuhama kwa kuulaumu upepo.

Ugonjwa wenyewe sielezi. Mlio nao mnaujua kunishinda mimi niliyeuguza tu. Jicho moja linawaka na kutoa machozi, pua ya upande huo inaziba, na mtu hatulii kitandani wala kitini. Dakika 15 hadi saa 3, kisha kinaachia. Kinarudi hivyo wiki kadhaa, halafu kinapotea miezi mingi. Shikeni hapo: kinapotea chenyewe.

Kuna mzee mmoja, mtu wa bandarini. Alistaafu msimu wa kichwa ukiendelea, mwezi wa pili, na joto la Kisauni mwezi huo mnalijua. Akapanda kwao milima ya Taita kupumzika. Siku chache tu, kichwa kimya. Wiki ya pili, kimya. Akampigia mkewe simu: "Mama watoto, tafuta mnunuzi." Mama yule, mwenye akili zake, akamwambia, "Baba, ngoja mwaka uzunguke." Angoje wapi! Nyumba ya Kisauni ikauzwa, kiinua mgongo kikaishia kwenye mawe na mabati. Mwaka uliofuata, mwezi ule ule, saa nane za usiku, kichwa hicho. Baridi ya milimani ipo, upepo mwanana upo, na mzee anajigonga ukutani. Oksijeni ya kukata shambulio iko bondeni, na hakuna wa bodaboda anayekubali kuteremka zile kona usiku. Alipopatikana mmoja, shambulio lilikuwa limekwisha lenyewe, na la pili likaja kesho yake saa ile ile.

Mlima haukumponya, bwana. Alipanda msimu ukiwa ukingoni, basi. Angebaki Kisauni na feni yake, kingeondoka vilevile.

Najua kuna mtu hapo ananung'unika: "Mbona mimi kaskazi ikiingia tu kinaanza?" Sikubishii. Joto huwachokoza baadhi ya wagonjwa. Lakini wagonjwa wengi wa Ulaya huumwa zaidi majira ambayo siku zinarefuka au kufupika, kwa kuwa ndani ya ubongo mna saa, sehemu iitwayo haipothalamasi, inayofuata mwanga. Sisi tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Siku yetu ndefu na siku yetu fupi zinapishana kama nusu saa tu, na bado mna misimu. Saa hiyo unahama nayo, hata ukahamia Lamu.

Tena huko juu mnakokukimbilia hewa ni nyepesi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kila pumzi ya kule ina oksijeni pungufu ya hii ya Makupa kwa karibu asilimia 18. Wapo ambao upungufu huo peke yake huwaamshia kichwa.

Kwa hiyo usinunue, panga. Panga chumba huko roho inakotaka, na uende mwezi unaoumwa, si Agosti kusi inavuma na wajukuu wako likizo. Weka daftari mwaka mzima: tarehe, saa, joto, mvua, ulichokunywa. Anayesema "mimi nakumbuka" hakumbuki. Mtu hukumbuka mvua ile moja iliyomkuta na kichwa, akasahau masika yote aliyolala fofofo.

Halafu uliza: saa nane za usiku, oksijeni iko umbali gani? Nasema oksijeni safi, lita 12 hadi 15 kwa dakika, kwa maski yenye mfuko, dakika 15 au 20. Mashine nyingi za umeme za nyumbani hutoa lita 5, msiuziwe. Mtungi wa lita 340 haufikishi mashambulizi 2. Muuza mitungi ndiye jirani wa kumtafuta kabla hujaangalia kama baraza inaona bahari. Anayetaka kuhamia Diani, ng'ambo ya maji, ahesabu feri ya Likoni, au barabara ya mzunguko ya Dongo Kundu. Watu wa Tudor mnacheka, hospitali ya rufaa iko mlangoni kwenu. Chekeni.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, harakaharaka. Dawa ya verapamil ni ya kuzuia mashambulio, na inataka kipimo cha moyo, muulizeni daktari. Pombe ya mnazi, msimu ukiwa umeingia, usiiguse. Nje ya msimu hayo ni yako na dini yako. Sigara ikae mbali na mtungi, na jiko la makaa pia. Sindano ya sumatriptani, ya kukata shambulio, haimfai mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, ndiyo maana wazee nawasukuma kwenye oksijeni.

Bibi, umeinua mkono tangu mwanzo. Naam, kile kidonge cha moyo cha kuweka chini ya ulimi, nitrogliserini, kinaweza kuamsha kichwa hiki kikiwa msimuni. Usikiache kwa kuamua mwenyewe. Mwambie daktari wa moyo kwamba una kichwa, na wa kichwa kwamba una moyo, maana wao kwa wao hawaambizani.