Deni la Kenya na Kikomo Kinachohama

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Nianzie kwenye daftari la duka la mtaani. Mwenye duka anayekukopesha hukwambia: deni lako lisipite shilingi 3,000. Ukifika hapo, unalipa kwanza ndipo unabeba unga. Namba hiyo unaijua wewe, anaijua yeye, na hata mtoto unayemtuma anaijua. Jioni hii nataka tuone jinsi sisi Wakenya tulivyopoteza namba ya namna hiyo.

Kanuni za fedha za umma hapo awali zilitaka deni lisizidi asilimia 50 ya pato la taifa, likihesabiwa kwa thamani ya sasa, yaani shilingi ya kulipwa miaka mingi ijayo huhesabiwa kuwa ndogo kuliko ya kulipwa kesho. Oktoba 2019, deni likiwa takriban shilingi trilioni 6, Bunge la Taifa likaifuta asilimia hiyo na kuweka trilioni 9, na Seneti nayo ikaridhia. Tuliambiwa nafasi hiyo ingewezesha kuchukua mikopo nafuu ya kulipia ile ghali. Juni 2022, miezi miwili kabla ya uchaguzi mkuu, kikomo kikapanda hadi trilioni 10. Mwaka mmodi baadaye deni lilikuwa limeshapita hapo. Oktoba 2023 sheria ikabadilishwa tena: shilingi zikaondoka, asilimia ikarudi, safari hii 55, na ruhusa ya kuzidi kwa pointi 5.

Waliotetea badiliko hilo walikuwa na hoja nzito, na ni haki niitaje. Mwaka 2023 dola ilianza kwa takriban shilingi 123, ikamaliza mwaka kwa takriban 156. Sehemu kubwa ya deni letu ni ya fedha za kigeni, kwa hiyo lilivimba kwa shilingi hata pale ambapo hatukukopa senti. Kikomo cha shilingi hakikuweza kutofautisha mkopo mpya na shilingi iliyoanguka.

Lakini hebu turudi dukani. Fikiria mwenye duka anakwambia: deni lako lisizidi asilimia 55 ya mapato ya nyumba yako, na shilingi utakayolipa baada ya miaka ishirini tutaihesabu kuwa ndogo kuliko ya kulipa kesho. Hesabu hiyo ni halali, wachumi wanaitumia duniani kote. Ila yule mtoto hawezi tena kukwambia mmefika wapi. Mwananchi naye hawezi kumuuliza mbunge wake swali la moja kwa moja.

Na kuna jambo ambalo kikomo cha aina yoyote hakiligusi: mkopo wenyewe ni wa bei gani, na umefanya nini. Mwaka 2014 tuliuza hatifungani, yaani hati ya serikali ya kukopa kutoka kwa wawekezaji, ya dola bilioni 2 ya kulipwa Juni 2024, kwa riba ya asilimia 6.875. Ili kuilipa, Februari 2024 tulikopa dola bilioni 1.5 kwa asilimia 9.75. Deni halikuonekana kukua sana kwa hatua hiyo, kwani jipya lilichukua nafasi ya la zamani. Riba ndiyo iliyopanda, na riba inalipwa kwa kodi. Miezi michache baadaye ukaja Mswada wa Fedha uliotaka kodi za ziada za zaidi ya shilingi bilioni 340, vijana wakaingia barabarani, na wengine hawakurudi nyumbani. Siwezi kuizungumzia asilimia 55 bila kuwakumbuka.

Mikopo ya reli ya kisasa, SGR, ya Mombasa hadi Nairobi ilitiwa saini mwaka 2014. Sehemu za mikataba yake zilitolewa hadharani Novemba 2022, treni ikiwa imeshabeba abiria kwa miaka mitano. Wabunge waliobishana kuhusu trilioni 9, kisha 10, walipiga kura zote mbili kabla umma haujaona kurasa hizo. Mimi naomba mkataba utangulie kura. Na kila Hazina ya Kitaifa inapotangaza asilimia, iandike pembeni yake deni lote kwa shilingi, kwa tarakimu kamili, ili mtoto aliyetumwa dukani aweze kuisoma.