Kipa wa Pembeni

MWANAIDI: Karibuni jamani, ni sisi wale wale, mwenye maneno mengi na mwenye timu yake, Coastal Union ya hapa Tanga. Leo mimi msinipe mkono, vidole vimechubuka.

BAKARI: Kaanza.

MWANAIDI: Naanza ndiyo! Jumatatu natoka sokoni, nakuta kiroba barazani. Nikadhani nimeletewa mkaa. Nafungua, harufu ikanipokea. Jezi za timu ya mtaa, seti nzima, na soksi zimejikunja vile vile zilivyovuliwa, mchanga tele ndani.

BAKARI: Ilikuwa zamu ya nyumba yenu, da Mwanaidi. Mwanao si anacheza beki?

MWANAIDI: Zamu hiyo ilipangwa kikao gani?

BAKARI: Cha wazazi.

MWANAIDI: Cha wazazi au cha nyie mnaokaa chini ya mwembe na kahawa? Maana mimi mzazi sikuitwa.

BAKARI: Wasikilizaji, mada yetu leo ni namna ya kuanzisha klabu ya michezo mtaani na isife kabla ya mwaka. Nimeandika mambo matano...

MWANAIDI: Kabla ya hayo matano, waeleze yaliyotokea Jumatano uwanjani.

BAKARI: (anacheka) Wewe ndiye uliyeyasababisha, halafu niyaeleze mimi? Haya. Winga wetu anavaa saba. Namba zenyewe hazikushonwa, zimebandikwa kwa pasi. Jezi ilipotoka kwa da Mwanaidi, ule mstari wa juu wa saba haupo. Imebaki moja. Imeinama kidogo, lakini moja.

MWANAIDI: Na kipa?

BAKARI: Kipa naye moja! Refa kasimama anatutazama, anauliza, "Kipa wenu yupi hapa?" Shabiki mmoja wa mtaa wa Sahare akadakia, "Wanao wawili, wa golini na wa pembeni!" Basi ikawa ndiyo hiyo mpaka filimbi ya mwisho. Kijana akigusa mpira, uwanja mzima, "Rudi golini weee!"

MWANAIDI: Mpaka leo. Jana kaenda kununua mihogo, muuzaji anamuuliza, "Kipa wa pembeni, nikutilie pilipili?"

BAKARI: Ulifulia maji ya moto.

MWANAIDI: Maji ya bomba, mgosi! Ya moto nitayapata wapi kwa bei ya mkaa hii? Aliyezichapa ndiye aulizwe. Na jezi za kubandika zinageuzwa nje ndani, hazisuguliwi kwa brashi, zinaanikwa kivulini, na pasi haipiti juu ya namba. Nani aliniambia? Kiroba hakikuja na barua.

BAKARI: Kumbe unajua.

MWANAIDI: Nimejua baada ya saba kuondoka! Sasa nasema hivi, na usinikatize. Klabu iweke fungu la kufua. Sabuni, na elfu kumi ya mfuaji kila mechi.

BAKARI: Hapo hatukubaliani.

MWANAIDI: Najua.

BAKARI: Klabu ya mtaa inaishi kwa watu kujitolea. Leo nikikulipa wewe, kesho atakuja anayechora mistari kwa chokaa, anayefyeka majani, anayebeba ndoo ya maji. Wote wana haki kama yako. Tutawatoa wapi? Mchango wenyewe buku kwa mwezi, na nusu ya nyumba zinanikimbia nikipita.

MWANAIDI: Mbona supu baada ya mechi haikosekani?

BAKARI: Supu inaleta watu.

MWANAIDI: Kwa hiyo supu ina bajeti, sabuni haina.

BAKARI: Mwenzangu, tazama Coastal. Tangu 1948 mpaka leo ipo. Mnadhani ilibebwa na mishahara? Ilibebwa na watu wa mji huu, ndiyo maana 1988 ikachukua ubingwa wa nchi.

MWANAIDI: Nilijua tutafika 1988! Wasikilizaji, mkimuuliza huyu bei ya dagaa atawatajia 1988. Haya, na 2016 je? Coastal, African Sports, Mgambo. Timu tatu za Tanga zote ligi kuu, na zote tatu zikashuka msimu mmoja. Mapenzi hayakuwepo?

BAKARI: Hapo umenigusa pabaya.

MWANAIDI: Mapenzi yalijaa uwanja wa Mkwakwani. Mapenzi hayanunui sabuni.

BAKARI: Coastal ikarudi! Na 2022 tukacheza fainali ya Kombe la Shirikisho kule Arusha, tatu kwa tatu na Yanga, mchezaji wetu Sopu kafunga zote tatu peke yake. Wametutoa kwa penalti.

MWANAIDI: Na baada ya hapo Sopu kaenda wapi?

BAKARI: ...Timu ya Azam.

MWANAIDI: Alikwenda kujitolea?

BAKARI: (anacheka) Usilinganishe. Yule ni mchezaji wa kulipwa.

MWANAIDI: Mfungaji analipwa, mfuaji anapewa zamu. Tena huyo wa chokaa watu wanamwona, wanampigia makofi. Mimi nani kaniona? Wameona saba imekatika, basi. Jina langu limejulikana kwa hilo tu.

BAKARI: Tutakutaja kwenye kikao, tukushukuru rasmi.

MWANAIDI: Sitaki kutajwa. Nataka elfu kumi na sabuni.

BAKARI: Basi vijana wafue wenyewe, kila mtu yake.

MWANAIDI: Wangu mimi? Atailoweka Jumatatu, utaikuta kwenye beseni Ijumaa.

BAKARI: Ndiyo malezi yako hayo.

MWANAIDI: Eeh! Sasa unataka tugombane kweli.

BAKARI: Sigombani. Nasema siku klabu ya mtaa itakapoanza kulipana, siku hiyo inakufa, na mimi ndiye katibu, nitaizika.

MWANAIDI: Na mimi nasema ikifa ni kwa sababu wanaoibeba walichoka kimya kimya. Kiroba kikija tena, nakirudisha barazani kwako na harufu yake.

BAKARI: Mke wangu atakupokea.

MWANAIDI: Atanipokea, ndiyo. Tulishaongea naye.

BAKARI: Mliongea lini? ... Muda umetupa mkono. La kwanza katika matano yangu: katiba. Baraza la Michezo la Taifa, lile la sheria ya 1967, linataka klabu isajiliwe, na husajiliwi bila katiba na viongozi. Unaanzia kwa afisa michezo wa halmashauri yako, unamweleza...

MWANAIDI: Katiba yenu ina neno kufua?

BAKARI: Haina.

MWANAIDI: Endelea.

BAKARI: Niendelee wapi, magharibi hiyo inaadhiniwa. Manne yaliyobaki wiki ijayo.

MWANAIDI: Wiki ijayo nimeshamwalika mzee mmoja aliyefanya kazi mashamba ya mkonge.

BAKARI: Bila kuniambia?

MWANAIDI: Ni zamu yake.