Kuvuta Boti Huku Umebeba Kempa: Safari ya Familia Kwenda Mille Lacs

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Pikapu imeshapakiwa, boti iko nyuma yake, na watoto wananiuliza kila dakika tano tunaondoka saa ngapi. Tunakwenda Mille Lacs, ziwa lililo kama kilomita 160 kaskazini mwa Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani. Tutalala siku mbili, tuvue samaki wanaoitwa walleye, tupike ufukweni. Kabla sijawasha gari nataka tupitie kila hatua pamoja, maana kuvuta boti huku umebeba kempa si sawa na kuvuta boti kwa pikapu tupu.

Kwa ambaye hajaiona, kempa ni hiki kijumba kilichokaa kwenye bodi ya nyuma ya pikapu. Hakina magurudumu. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi, friji ndogo na choo. Uzuri wake ni kwamba sheria inakihesabu kama mzigo, sio trela, kwa hiyo nyuma ya gari panabaki nafasi ya kufunga boti. Anayevuta nyumba ya magurudumu hana nafasi hiyo, na yapo majimbo yasiyoruhusu kabisa gari moja kuvuta trela mbili.

Hatua ya kwanza ni uzito, na hapa naomba mvumilie, nitakaa muda mrefu.

Fungua mlango wa dereva. Tazama kwenye nguzo, pale mlango unapofungia. Mnaiona hii lebo? Inasema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Kwenye gari langu imeandikwa pauni 4,200, karibu kilo 1,900. Hiyo ndiyo namba yako, ndugu yangu. Usichukue namba ya kwenye tangazo la muuzaji, na usichukue ya gari la rafiki yako hata kama ni la aina hiyohiyo, kwa sababu kila gari lina lebo yake kulingana na lilivyotoka kiwandani.

Sasa tuhesabu. Kempa yangu ikiwa tupu ni pauni 2,450. Maji ya tangi, galoni 30, ni pauni 250. Gesi, betri, vyombo, vyakula, nguo na mablanketi, naweka 400. Tumefika 3,100. Sisi wanne, mimi, mke wangu na watoto wawili, ni 560. Jumla 3,660. Mtu anasema, basi nimebakiwa na 540, niko salama. Bado! Boti haijahesabiwa.

Watu wengi wanadhani boti inajibeba yenyewe kwa sababu ina magurudumu yake. Sehemu kubwa, ndiyo. Lakini ulimi wa trela, hiki chuma cha mbele kinachokuja kufungwa kwenye gari, unaikandamiza pikapu kutoka juu, na mkandamizo huo ni mzigo wa pikapu kama ulivyo mfuko wa mchele. Boti yangu ya bati la alumini, futi 17, pamoja na injini, mafuta na trela, ni kama pauni 2,700. Uzito wa ulimi nimeupima: 300. Chuma cha kurefushia ambacho nitawaonyesha sasa hivi kina 60. Jumla kuu ni 4,020. Nimebakiwa na pauni 180 tu. Ndiyo maana baiskeli za watoto zimebaki nyumbani safari hii. Wamenuna, lakini zimebaki.

Ukitaka kuupunguza uzito huo upesi, anza na maji. Kama unakoenda kuna bomba, jaza robo ya tangi, utajaza mengine ukifika.

Njooni nyuma huku. Kempa imezidi urefu wa bodi, inachomoza nje kupita bampa. Kwa hiyo mpira wa chuma wa kuvutia trela hauwezi kukaa mahali pake pa kawaida, boti ingegonga ukuta wa kempa kwenye kona ya kwanza. Ndipo tunapochomeka hiki chuma cha kurefushia. Changu kimeusogeza mpira nyuma kwa sentimita 90.

Sikilizeni kwa makini. Kila unaporefusha, unatengeneza mtaimbo. Fikiria ubao wa bembea: ekseli ya nyuma ndiyo kitako chake, ulimi wa boti unabonyeza upande mmoja, na magurudumu ya mbele yananyanyuka upande wa pili. Kwa vipimo vya gari langu, zile pauni 300 zinaondoa kama pauni 160 kwenye magurudumu ya mbele, na ekseli ya nyuma inabeba 460. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona na yanafanya kazi kubwa ya breki. Yakiwa mepesi, gari linaelea.

Nasema hivyo kwa sababu limenikuta. Safari yetu ya kwanza, aliyenifungia kifaa aliniambia gari hili ni kubwa, halina shida, nenda tu. Nikaenda. Tulipopita mji wa Princeton upepo wa pembeni ulitupiga, na usukani ukawa mwepesi mkononi kama wa gari la kuchezea. Nikageuza shingo kidogo nikawaona wanangu wamelala nyuma, mdomo wazi, hawana habari. Nilipunguza mwendo mpaka nikaegesha pembeni, nikakaa pale nikitetemeka. Tangu siku ile simwamini mtu kwa maneno, naamini mizani.

Na mizani zipo. Vituo vikubwa vya malori kando ya barabara kuu vina mizani za kampuni ya CAT, na gari la kawaida linaruhusiwa kupima. Panda na kila kitu: familia, maji, boti. Unapewa karatasi inayoonyesha ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, na trela peke yake. Linganisha na kikomo cha kila ekseli, nacho kimeandikwa kwenye nguzo ileile ya mlango. Halafu kuna jambo moja wengi hawalisomi: hicho chuma cha kurefushia kina kikomo chake chenyewe, na kinashusha uwezo wa kuvuta wa gari. Soma kibati chake. Namba ndogo kuliko zote ndiyo inayotawala.

Kama ulimi ni mzito mno, boti isogezwe nyuma kidogo kwenye trela, au vitu vizito ulivyoweka omo, yaani mbele ya boti, virudishwe tezi, yaani nyuma yake. Lakini usizidishe. Ulimi ukiwa mwepesi mno trela itaanza kuyumba kama mkia wa samaki, na hilo ni baya zaidi. Mimi nauweka kama asilimia 10 ya uzito wa trela yote.

Tufunge sasa. Narudi nyuma taratibu, mke wangu amesimama pale ninapomwona kwenye kioo cha pembeni. Kioo cha katikati hakina kazi tena, kempa imeziba kila kitu, kwa hiyo lazima uwe na mtu, au kamera iliyofungwa nyuma ya kempa. Tumekubaliana: nisipomwona, nasimama. Kofia ya trela inashuka juu ya mpira. Hakikisha vipimo vinalingana. Kofia ya inchi mbili inataka mpira wa inchi mbili, na ukiweka mdogo itakaa vizuri ukiwa umesimama kisha ichomoke kwenye tuta. Funga kifungo, weka pini. Halafu pandisha jeki ya trela kidogo, uone kama inanyanyua na mkia wa gari. Ikinyanyua, imeshika. Rudisha jeki juu kabisa.

Minyororo miwili, ipishane chini ya ulimi kama herufi X. Kofia ikichomoka, ulimi utaangukia kwenye minyororo badala ya kuchimba lami. Plagi ya taa, chomeka. Mtoto mkubwa ndiye mkaguzi wangu: indiketa kushoto, kulia, breki. Anapiga kelele "tayari, Baba!" na mimi nazima.

Kwenye boti yenyewe: mkanda wa winchi na mnyororo wa usalama pale omo, na mikanda miwili ya kukaza kule tezi. Winchi peke yake haitoshi, msidanganywe. Gusa na nati za magurudumu kwa spana.

Ndani ya kempa, funga valvu ya gesi, funga makabati na friji, shusha dirisha la paa. Watoto wakae kwenye kabini, wafunge mikanda. Najua kitanda kile kinawavutia, lakini gari likitembea hakuna mtu ndani ya kempa kwangu. Na hii karatasi nimeibandika mbele ya usukani: urefu wa kempa kwenda juu, futi 12. Paa la kituo cha mafuta na matawi ya miti kambini havikusamehi.

Barabarani siendi zaidi ya maili 60 kwa saa, kwani tairi nyingi za trela zimetengenezwa kwa mwisho wa maili 65. Ukikata kona na mkia mrefu kama huu, kumbuka kwamba kichwa kikiingia kulia, mkia unapiga kushoto, basi jiachie nafasi kwenye vituo vya mafuta. Baada ya maili 20 hivi nasimama nakagua mikanda, na kila ninaposimama nagusa kitovu cha gurudumu la trela kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu, sawa. Kikiunguza, beringi inalia, usiendelee.

Tumefuata barabara kuu ya 169 mpaka mji wa Onamia, tumeshika barabara ya 27 kwenda Isle, na sasa tupo Father Hennepin, hifadhi ya jimbo iliyo kando ya ziwa. Hapa ndipo diko lilipo, huu mteremko wa zege wa kushushia boti.

Usikimbilie majini. Egesha pembeni kwanza, mbali na foleni. Vitovu vya magurudumu vimetoka safari vikiwa na joto, na ukivitumbukiza ghafla kwenye maji baridi hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kwenye beringi. Vipe robo saa vipoe. Muda huohuo fungua mikanda ya tezi, chomoa plagi ya taa, pakia vifaa, vaa majaketi ya kujiokolea. Sheria ya Minnesota inamtaka mtoto wa chini ya miaka 10 avae boti ikitembea. Kwetu wanavaa wote, wazazi pia, maana maji ya hapa mwezi wa Mei ukianguka yanakukata pumzi.

Na kizibo cha ngama, yaani cha tundu la kutolea maji yanayojikusanya chini kabisa ndani ya boti! Sheria ya hapa inakutaka ukitoe boti ikiwa barabarani, kwa hiyo umefika nacho kimetoka. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kwenye diko unayaona maneno hayo kwa macho: unaweza kupanga yote, ukasahau kizibo, ukajikuta umerudi ngamani unachota maji kwa kopo. Kirudishe sasa, kikaze, mwambie na mwenzio akiguse.

Kurudi nyuma: shika usukani sehemu ya chini. Ukitaka trela iende kushoto, peleka mkono kushoto. Kidogo kidogo, maana mkia mrefu unaigeuza trela haraka kuliko ulivyozoea. Ikipinda, usipigane nayo, songa mbele unyooshe, anza tena. Wanaosubiri watasubiri. Faida ya kile chuma kirefu mtaiona hapa: boti imeshaanza kuelea na tairi za pikapu bado ziko pakavu, hazijagusa zege lenye mwani. Ila angalia pale barabara inapovunjika kuingia kwenye mteremko, chuma kinaweza kukwangua chini. Hendibreki, gia ya kuegesha, kabari nyuma ya gurudumu, ndipo ushuke. Watoto wakae gatini, kamwe sio nyuma ya gari.

Tukikaa zaidi ya siku tatu mahali, huwa naishusha kempa kwenye miguu yake kambini na kuja dikoni na pikapu tupu. Nachomoa chuma kirefu, naweka kifupi. Mkumbuke kuwa pikapu bila kempa inanyanyuka nyuma, kwa hiyo nabeba chuma cha pili kinachoshusha mpira ili trela ikae sawa na ardhi.

Wakati wa kuondoka, boti ikishapanda kwenye trela, vuta mpaka sehemu tambarare usimame. Mille Lacs ina kome wadogo wenye milia kama pundamilia, wameingia kutoka nje na wanang'ang'ania kila kitu. Mimi nimekulia Mwanza, nimeona magugumaji yalivyoziba miaro ya ziwa letu, mitumbwi ikashindwa kutoka. Siwezi kuwa mtu wa kubeba balaa kama hilo kutoka ziwa moja kwenda jingine. Ng'oa majani yote kwenye trela na kwenye pangaboi. Shusha injini maji yatoke. Maji ya chambo yamwage hapa hapa ufukweni, sio kwenye ziwa lingine. Kisha toa kizibo, acha ngama ikauke. Mimi kizibo nakifunga kwa uzi kwenye ufunguo wa boti. Ukitaka kuwasha injini, lazima kikupite mkononi kwanza.