Kale kachuma kanakobaki mezani

Haya jamani, kabla sijaanza, bastola zote hapa mezani silinda ziko wazi, nimekagua vyumba vyote sita na mwenzangu kakagua tena. Ukija na yako, risasi zibaki nyumbani.

Leo narudia yale yale ya mwaka jana hapa hapa Columbus, maana bado naletewa. Zile Smith & Wesson za .38 za polisi, zilizoanza kutengenezwa 1899, Marekani zimejaa, watu wanarithi kwa babu zao, na mara ngapi nafungua bamba la ubavuni nakuta kachuma kamoja hakapo. Ni kale kabapa kembamba, kizuizi cha nyundo, kanakokaa kati ya nyundo na fremu. Ukiachia triga kanapanda, nyundo haifiki kwenye risasi, ukivuta hadi mwisho kanashuka, nyundo inapita. Basi. Na bila hako bastola inapiga vizuri kabisa, ndo maana hakuna anayekatafuta!

Mzee mmoja mstaafu alikuja na ya marehemu baba yake, ya miaka ya hamsini, anataka skrubu ya mpini iliyopotea. Skrubu tu. Nikamwambia subiri nifungue. Mfereji upo ndani ya bamba, umejaa girisi ngumu kama nta, kapini ka kukashikilia kapo, kenyewe hakapo. Namuuliza nani aliifungua hii, anasema baba aliisafisha mara moja, akairudishia, kikabaki kitu kimoja cha ziada, na kwa kuwa ilikuwa inapiga akaona hakina kazi. Cha ziada! Jamani, kiwandani hawaweki kitu cha ziada mle ndani, hata kimoja. Siku ya tatu mzee karudi na bahasha ya kaki, ndani kachuma kamezungushiwa gazeti, kutu kidogo kwenye kona. Nikakasafisha, nikakarudisha, nikavuta triga ikiwa tupu, nikaiachia polepole huku yeye anachungulia kwa juu mbele ya nyundo, akakaona kanapanda. Akanyamaza. Miaka yote ile bastola ilikuwa droo ya kitandani, risasi sita ndani, na wajukuu wanacheza chumba hicho hicho.

Sasa kuna mtu hapo anataka kuniambia, fundi, mbona ukiachia triga nyundo inarudi nyuma yenyewe? Ndio inarudi, kuna kipande kinaisukuma, lakini ikidondoka kwa nyundo kwenye zege uzito wote unagonga pale pale, kitu kikikatika hakuna kingine cha kuizuia. Vita kuu ya pili baharia wa Marekani aliuawa na Victory, yaani hii hii .38 ya toleo la vita, iliyokuwa na risasi, ilidondoka tu kwenye sitaha ya chuma. Hiyo ilikuwa na kizuizi cha zamani, cha springi ya bapa, na springi ikishikwa na girisi iliyoganda haisukumi kitu. Ndo kiwandani kwao Springfield, Massachusetts wakabadilisha haraka vita ikielekea kuisha, wakaleta hiki kinachoteleza, kinachosukumwa na mitambo yenyewe, na namba za bastola zikaanza kuandikwa SV mbele badala ya V. Mtu alikufa ndo kachuma haka kakaja, halafu wewe unakaacha kwenye kopo la misumari? Na wengine wanakatoa makusudi eti triga iwe laini kwa shabaha. Hapana bana.

Kwenye kununua, usichukue hiki kipya cha kuteleza ukalazimisha kwenye bastola ya 1930, haina mfereji wala kapini, hakatakaa. Na cha ile ndogo ya risasi tano hakiingii kwenye hii. Mpaka ukipate, iwe tupu, na kama lazima uibebe basi risasi tano, chumba cha chini ya nyundo wazi.

Muda naona umeisha, haraka haraka: bamba usilibandue kwa bisibisi, toa skrubu zote halafu gonga fremu kwa mpini wa mbao, litanyanyuka lenyewe. Skrubu ya mbele ndo inashika mkono wa silinda, imesawazishwa kwa bastola hiyo, usiichanganye na wenzake, weka alama.

Ile ya mpini aliyoifuata mzee? Nilikuwa nayo kwenye kopo, dakika mbili tu.