Konda wa Kabwe na Kitufe cha Tovuti

Ndugu zangu, habari za mchana. Nanyi mliotoka Iringa na Njombe, kamwene.

Wengi wenu asubuhi mmepita Kabwe, kituo cha daladala hapa Mbeya. Mmemsikia konda? Hasemi "panda gari". Anaita "Uyole, Uyole, Uyole!" Anakutajia unakokwenda, kunyanyua mguu ni uamuzi wako. Kitufe cha tovuti kina kazi hiyo hiyo. Lakini nikifungua tovuti zetu nakutana na "Bonyeza hapa". Nibonyeze nifike wapi?

Neno linaloniuma zaidi ni "Tuma". Tumelibeba kutoka kwenye fomu za Kiingereza bila kulipima. Hapa kwetu mtu akishika simu, "tuma" ni pesa: ndilo neno analolikuta kwenye menyu kabla ya kuweka namba ya siri. Nilimtengenezea tovuti mfanyabiashara wa mchele wa Kyela. Mteja anajaza jina, kilo anazotaka na namba ya simu, kisha chini kuna kitufe cha kijani: "Tuma". Nikakaa dukani na mama mmoja, nikamwomba ajaribu kuagiza kilo 20. Alijaza vyote vizuri. Alipofika kwenye kitufe akaniangalia: "Mwanangu, hapa si ndipo wanapokata hela?" Akanirudishia simu.

Kosa lilikuwa langu. Nikaandika upya: "Niwekee mchele wangu", na chini yake kwa herufi ndogo: "Hulipi sasa. Tutakupigia kwanza." Nilimrudia wiki iliyofuata, akagusa bila kuuliza.

Tazameni neno hilo, "niwekee". Hiyo "ni" imeshamtaja mteja, na mwisho wa neno unamwambia kazi inafanywa kwa ajili yake. "Nionyeshe bei." "Nipigieni leo." Lugha yetu imetupa chombo kizuri namna hii, na kwa kitufe chenye nafasi ya maneno mawili matatu ni utajiri mkubwa. Kwa nini tuendelee kutafsiri?

Ukubwa nao usipuuzwe. Paul Fitts, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1954 kwamba kadiri kitu kilivyo kidogo na mbali, ndivyo mkono unavyochelewa kukifikia. Viwango vya W3C, jumuiya ya kimataifa inayoweka viwango vya tovuti, vilivyotolewa mwaka 2023 vinataka eneo la kugusa lisipungue pikseli 24 kwa 24 (pikseli ni kipimo kidogo cha ukubwa kwenye kioo), au liachiwe nafasi ya kutosha pembeni. Kiwango chao kilicho kikali zaidi kinataka lisipungue 44 kwa 44. Mimi nashika 44. Anayeagiza mbolea akiwa shambani Mbozi ana vidole vikubwa na udongo mkononi, na yeye ndiye mteja wetu.

Rangi: watu huniuliza kama nyekundu inauza kuliko kijani. Naona swali hilo linatupotezea muda. Ulizeni kama maandishi yanasomeka. Viwango hivyo vya W3C vinataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1. Maandishi meupe juu ya njano hayafiki hata 2 kwa 1. Kwenye kompyuta ya ofisini utayaona. Toka nje ya soko la Mwanjelwa saa saba mchana, jua limepiga kioo, hakuna kitu.

Kitufe kikuu kiwe kimoja kwa ukurasa. Vingine vipunguzieni rangi.

Halafu kuna jambo wengi hulisahau: nini kinatokea baada ya kidole kugusa? Mteja yuko bondeni, mtandao unasuasua, kitufe kimekaa kimya. Atagusa tena, na tena, na kesho mnapokea oda tatu za mtu mmoja. Kikiguswa tu, kibadilike hapo hapo kiseme "Tunapokea oda yako…" na kikatae mguso wa pili. Mtandao ukikatika, kimwambie hivyo, na yale aliyoyajaza yasifutike. Mtu aliyeandika kwa kidole kimoja kwa dakika tano hastahili kuanza upya.

Tutapumzika kidogo kwa chai. Kila mmoja afungue tovuti yake kwenye simu, atoke nje juani, ampe mtu asiyemfahamu. Mwonyesheni kitufe, mmuulize: "Ukigusa hapa, unadhani nini kitatokea?" Msimsaidie. Andikeni jibu lake kama alivyolitamka, tutayasoma hapa tukirudi.