Mbuzi Aliyeoshwa, Mbuzi Iliyooshwa

DEO: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tuliahidi mambo matatu kuhusu kuendesha kisa cha upelelezi katika mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi, Dungeons & Dragons: namna ya kupanga vidokezo, namna ya kuishi na uchawi unaofichua siri, na namna ya kufunga kisa pale wapelelezi wanapokosea. Lakini Mwanaidi ameingia studioni akicheka peke yake, na mimi sijamsamehe tangu Jumamosi.

MWANAIDI: Sikuwa nacheka, kaka Deo. Nilikuwa nakohoa.

DEO: Basi wasikie wenyewe kikohozi hicho kilitokana na nini. Jumamosi dada huyu alikuwa msimulizi wetu, yaani anayekipanga kisa na kukiongoza, na sisi wachezaji tulikuwa wanne. Mfanyabiashara tajiri wa mji wa bandari amekutwa amekufa jikoni kwake usiku, na sisi tumeitwa kumtafuta muuaji. Tunaingia jikoni, tunauliza kuna nini, naye anatujibu kwa utulivu kabisa kwamba kando ya marehemu kuna mbuzi.

MWANAIDI: Na palikuwa na mbuzi.

DEO: Ya kukunia nazi!

MWANAIDI: Jikoni ungetarajia mbuzi gani mwingine? Mimi ni mtu wa Tanga. Nikiambiwa kuna mbuzi jikoni, natafuta mahali pa kukaa nikune nazi.

DEO: Mimi nimekulia Moshi, dada, na mbuzi niliyemzoea ana miguu minne na anakula migomba ya watu.

MWANAIDI: Lakini nilisema wazi kwamba mbuzi imelala ubavu, na kwamba imeoshwa na kukaushwa. Sikusema amelala, wala sikusema ameoshwa. Kidokezo cha kwanza kilikuwa ndani ya sarufi yenyewe.

DEO: Mezani petu yupo rafiki yetu wa Nairobi ambaye kila siku husema mbuzi imelala, ng'ombe imekufa na mtoto imelia, nasi tumezoea kumwelewa. Tulidhani umeanza kuambukizwa, na kwa heshima tukanyamaza.

MWANAIDI: Ninyi hamkunyamaza. Mliuliza ni nani anayemwosha mbuzi usiku.

DEO: Hilo lilikuwa swali la haki! Mbuzi akioshwa usiku na mtu akakutwa amekufa kando yake, mtu yeyote aliyelelewa katika nchi hizi atafikiria kafara. Kutoka hapo tukamtafuta mganga, tukampata, na tukamkamata.

MWANAIDI: Mganga ambaye sikuwa nimemwandika. Nilimbuni pale pale kwa sababu mliuliza kama mjini kuna mganga, nami sikuona ubaya wa kusema yupo.

DEO: Wasikilizaji wanaotufuata tangu mwanzo wanajua kwamba Mwanaidi ni mfuasi wa kanuni ya vidokezo vitatu, ile aliyoieleza mwandishi wa michezo hii, Justin Alexander, mwaka 2008: kila jambo unalotaka wachezaji waligundue liwekee angalau vidokezo vitatu, kwa kuwa cha kwanza watakipita bila kukiona, cha pili watakipuuza, na cha tatu watakielewa vibaya. Waeleze basi vyako vitatu.

MWANAIDI: Muuaji ni mpwa wa marehemu. Alikuwa akikuna nazi, mjomba wake akaingia wakagombana, akaiinua mbuzi na kumpiga kwa chuma chake chenye meno, kisha akaiosha damu. Kwa hiyo kidokezo cha kwanza ni mbuzi iliyooshwa wakati nazi iliyokunwa ingali kwenye sinia na tui halijakamuliwa. Hakuna mpishi anayeosha mbuzi na kuikausha kabla hajakamua tui lake, tena usiku, labda kama ana haraka ya jambo lingine. Cha pili ni jirani, ambaye aliwaambia kwamba usiku ule alisikia sauti ya mbuzi.

DEO: Nasi tukamwuliza kama alilia mara moja au mara nyingi.

MWANAIDI: Akawajibu kwamba haikuwa ikilia, ilikuwa ikikwaruza.

DEO: Tukaandika kwenye daftari kwamba mbuzi alikuwa akipambana kujiokoa.

MWANAIDI: Na cha tatu ni marehemu mwenyewe. Deo, wewe ndiye ulikuwa kuhani, na wewe ndiye uliyetumia uchawi wa kuzungumza na wafu.

DEO: Ni kweli. Katika toleo la tano la mchezo huu maiti huulizwa maswali matano tu, hujibu kwa mkato, na hajui zaidi ya yale aliyoyajua alipokuwa hai. Nilimwuliza ni nani aliyemuua, akasema hakuona kwa kuwa alikuwa amegeuka. Nikamwuliza kitu cha mwisho alichokiona.

MWANAIDI: Akasema ni kivuli cha mbuzi ukutani.

DEO: Mwanaidi, maswali matatu yaliyobaki niliyatumia kumwuliza maiti kuhusu rangi ya mbuzi, mwenye mbuzi, na kama mbuzi yule alikuwa na kisa naye!

MWANAIDI: Akakujibu kwamba ni ya mbao, kwamba ni ya kwake mwenyewe, na kwamba alikuwa nayo miaka mingi bila ugomvi.

DEO: Tukahitimisha kwamba mbuzi amerogwa akawa mti.

MWANAIDI: Na sinia la nazi mlilifanya nini?

DEO: Tulidhani ni chakula chake.

MWANAIDI: Mwenyezi Mungu atusamehe. Lakini hapa nakubali kosa moja, na ndilo lilikuwa somo letu la kwanza. Kama kila kidokezo kina nafasi nusu kwa nusu ya kuonekana, vitatu kwa pamoja vinakupa asilimia 87.5 ya kuonekana angalau kimoja. Hesabu hiyo, hata hivyo, ni kweli tu ikiwa kila kidokezo kinajitegemea. Vyangu vyote vilipita katika mlango mmoja, yaani neno moja, na mlango ule ulipofungwa vikabaki nje vyote vitatu. Ningemweka mpwa mwenye kidonda mkononi au deni sokoni, mngefika.

DEO: Mimi naona kosa lako ni jingine. Ilipofika saa ya pili, kisa chetu cha kafara kilikuwa kizuri kuliko cha mpwa. Ungempa uhai yule mbuzi. Ungeacha mganga awe muuaji kweli, na hakuna mchezaji ambaye angejua kwamba umebadilisha.

MWANAIDI: Ningejua mimi.

DEO: Wewe si mchezaji.

MWANAIDI: Kama yeyote mtakayemshika ndiye muuaji, basi sinia, jirani na maiti ni mapambo ya ukumbi tu, na mtu aliyefikiri saa tatu hana tofauti na aliyesinzia.

DEO: Ipo michezo inayofanya hivyo waziwazi. Katika Brindlewood Bay hakuna muuaji aliyepangwa mapema. Wachezaji hukusanya vidokezo, hutunga maelezo yao, kisha hurusha dadu mbili, huongeza idadi ya vidokezo walivyovitumia na kuondoa ugumu wa fumbo, na dadu ndizo zinazosema kama wamepatia.

MWANAIDI: Na mezani pale kila mtu anajua hivyo tangu mwanzo. Ninyi mliketi kwangu mkijua kwamba lipo jibu moja ndani ya bahasha. Kulibadilisha bahasha ingali mezani ni kuwahadaa wageni wangu.

DEO: Wageni wako walishinda njaa ya jibu kwa muda wa saa nne, dada, nawe ulikuwa nalo mfukoni.

MWANAIDI: Walishinda na mbuzi.

DEO: Sikubaliani nawe.

MWANAIDI: Wala mimi sikubaliani nawe, na bahasha ningali nayo.

DEO: Naonyeshwa vidole vitatu kule kwenye kioo, maana yake zimebaki dakika tatu, nasi hatujagusa uchawi wa duara la ukweli wala namna ya kufunga kisa.

MWANAIDI: La duara ni fupi: aliyemo ndani yake, akishindwa kuukinga uchawi huo, hawezi kusema uongo kwa kukusudia, lakini anaweza kukataa kujibu. Mengine yasubiri.

DEO: Basi niambie jambo moja tu, kwa sababu Jumamosi tunarudi mezani. Yule mganga wetu bado yumo mahabusu?

MWANAIDI: Bado yumo, na mke wake amekuja kulalamika kwamba tangu akamatwe hakuna wa kuitunza nyumba, na wamebaki watu wawili na mbuzi.

DEO: Mbuzi wa kufuga au mbuzi ya kukunia nazi?

MWANAIDI: Kaka Deo, muda wetu umekwisha.