Ngome ya Pamba: Maji Yajengayo Ngazi

Ndugu zangu waongoza watalii, tuanze na birika. Anayechemsha maji ya kisima hapa Mombasa anaujua ule ukoko mweupe unaoganda ndani. Ni chokaa, kalisiamu kaboneti, jamaa ya matumbawe yaliyojengewa Fort Jesus. Ukoko huo upewe kilima kizima na maelfu ya miaka, utapata Pamukkale, kule Denizli, Uturuki. Jina lenyewe maana yake ni ngome ya pamba.

Maji ya chini ya ardhi yana gesi nyingi ya kaboni, na gesi hiyo ndiyo inayoyapa nguvu ya kuyeyusha mawe ya chokaa. Yakishachomoza, yana joto la nyuzi 35 hivi, gesi hutoroka kama ya soda iliyofunguliwa, na chokaa hubaki haina wa kuishika. Mwanzo ni laini kama uji uliopoa. Baadaye huwa jiwe, travertini. Hujazana zaidi ukingoni, kwa sababu hapo maji hupita membamba yakitikisika na gesi hutoka upesi. Ukingo ukipanda, nyuma yake kidimbwi kinazaliwa, na vidimbwi vikipangana mteremkoni huwa ngazi.

Kiatu basi kinavunja kitu kibichi, ndiyo maana mgeni huvua kabla ya kukanyaga weupe ule. Mpeni mfuko avibebe viatu vyake, maana aweza kuingilia lango la juu na kutokea la chini mjini. Na miwani ya jua asisahau: mchana ule weupe unaumiza macho.

Zamani hoteli zilijengwa kileleni, zikayavuta maji hadi kwenye mabwawa yao, na ngazi zikaanza kuchakaa. Mwaka 1988 mahali hapo, pamoja na magofu ya mji wa kale wa Hierapolis, paliingizwa katika Urithi wa Dunia. Hoteli zikabomolewa baadaye. Siku hizi maji hufunguliwa kwa zamu. Yakikaa mno mahali pamoja, utelezi wa kijani huota. Pakikauka, jua huumaliza. Mgeni aliyeona picha za vidimbwi vyote vimejaa atanung'unika, kwa hiyo mwambieni kabla hajalipa.

Kwetu Kenya, kwenye chemchemi za moto za Ziwa Bogoria, ni habari nyingine. Msimwahidi mtu kuoga: maji ya pale huchemka, yai linaiva. Ziwa limepanda, likafunika barabara na baadhi ya chemchemi, basi ulizeni hali ya njia kabla ya kutoka. Na mgeni asikanyage ganda la kandokando. Juu laonekana gumu, chini huenda ni tope la kuunguza.